Ninajua Ugonjwa Wake, na Mhariri Anataka Ukurasa wa Kwanza

*Barua imefupishwa, na baadhi ya mambo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.*

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi Eastlands hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuandika udaku. Sisemi hivyo kwa aibu wala kwa majivuno. Ndiyo kazi, na imenilipia kodi na karo. Gazeti letu hutoka mara moja kwa wiki, na jina linalochapishwa juu ya stori zangu si lile nililopewa nilipozaliwa. Mamangu kule nyumbani huwaambia wenzake wa chama kwamba naandika "mambo ya sanaa", nami sijawahi kumsahihisha. Binamu zangu ndio wanaojua. Nikiingia kwenye harusi au matanga, meza nzima hunyamaza, halafu mmoja anacheka na kusema, "Chungeni, gazeti limefika."

Ili unielewe, acha nikueleze kazi yenyewe. Jumatatu asubuhi tunakutana na mhariri, kila mmoja akiwa na stori tatu. Ukija na mbili unaulizwa wikendi ulikuwa wapi. Mimi si mwajiriwa wa kudumu. Nalipwa kwa kila stori inayochapishwa, na ya ukurasa wa kwanza hulipa karibu mara tatu ya zile za ndani. Isiyochapishwa hailipi kitu, hata kama ilinikesheza Westlands hadi saa tisa usiku nikarudi nyumbani kwa teksi ya pesa zangu.

Watu hudhani tunajificha vichakani na kamera. Habari nyingi hutoka kwa mabawabu, wahudumu wa baa, madereva, wasusi na wapaka vipodozi. Unatuma mia tano kwa M-Pesa, unauliza watoto wanaendeleaje, unasubiri. Nyingine nazitoa kwenye simu. Naweza kukaa usiku mzima nikilinganisha mapazia: huyu amepiga picha sebuleni kwake Kileleshwa, yule anasema yuko kwa shangazi yake, lakini pazia ni lile lile la maua ya kijivu na pete ya tatu kutoka kushoto imekatika. Hapo stori imeiva. Na nyingi kabisa, wasomaji wangeshangaa, huletwa na wasanii wenyewe. Albamu ikikaribia, meneja anapiga: "Andika wameachana." Baada ya muda anapiga tena: "Andika wamerudiana." Hizo ni kiki, na sisi wote wa kazi hii tunazijua.

Sasa kuna mwanamuziki mmoja ambaye nitamwita Dada. Tulianza pamoja, yeye akiimba nyimbo za watu kwenye baa moja kando ya Thika Road, mimi nikiwa mwanagenzi wa kutumwa chai. Amenipa kurasa za kwanza nyingi. Mtoto wangu alipolazwa na nimonia, yeye ndiye alifika wodini na flaski ya uji kabla hata ya ndugu zangu.

Tangu mwaka huu uanze, Dada hupanda jukwaani na nguo za mikono mirefu, hata kwenye joto la Mombasa. Amekonda. Mitandaoni wanasema ni dawa za kulevya. Usiku mmoja nilikuwa naye nyuma ya jukwaa akibadilisha nguo, nikauona mkono wake wa kushoto: mshipa umevimba na kujipinda chini ya ngozi, na juu yake plasta mbili ndogo. Aliponiona nikitazama hakuuficha. Alinishika mkono akauweka juu ya ule mshipa, nikausikia ukitetemeka chini ya vidole vyangu, bila kutulia. "Figo," akaniambia. "Niko kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, inaunganishwa hapa. Nje ya familia na meneja, ni wewe tu." Hataki ijulikane kwa sababu ana shoo za Desemba ambazo promota bado hawajamaliza kuzilipia. Wakisikia ni mgonjwa watamkimbia.

Wiki iliyopita mhariri aliniita ofisini, akafunga mlango, akanionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa ukurasa wa faili ya hospitali: jina lake kamili, ugonjwa, siku zake za mashine. Mfanyakazi wa huko aliiuza. Mhariri hajui kwamba mimi tayari najua. Akaniambia, "Wewe ndiye uko karibu naye. Mfanye aseme neno, hata kama ni la kukana. Tukipata neno lake, hiyo ni ya kwanza." Niliposita akaniuliza, "Wewe ni ripota ama ni msemaji wake?" Amenipa hadi Jumatano ijayo tunapofunga kurasa. Nisipoandika, atampa kijana mmoja aliyeingia juzi, ambaye hana swali la pili kwa mtu yeyote.

Kabla sijajua la kufanya, Dada na meneja wake wakaniita Kilimani tule chakula cha mchana. Wana mpango. Wanataka niandike kwamba ana uhusiano na mmoja wa wacheza dansi wake, kijana wa miaka 24, na kwamba mikono mirefu inaficha chale yenye jina la huyo kijana. Picha zitapigwa kwenye hoteli moja Naivasha, kisha mimi "nizipate". Watu watasahau maneno ya dawa za kulevya na watakuwa na la kuongea hadi Desemba. Sikuwa hata nimefika steji ya matatu, simu ikalia: meneja amenitumia shilingi 15,000, "za nauli na usumbufu". Bado ziko kwenye simu, sijazigusa.

Jioni hiyo yule kijana alinipigia mwenyewe. "Siz, kwangu hii ni kazi tu. Lakini niko na mchumba Kitale na tushaanza kupeleka mahari. Uandike vile hatajua ni mimi." Nitaandikaje, Mama, na uso wake ndio utakuwa gazetini?

Nikiandika ugonjwa, namsaliti rafiki. Nikiandika kiki, ni uongo, ingawa nimeshaandika nyingi za namna hiyo. Nikikataa zote mbili, yule kijana wa ofisini ataandika vibaya kuliko mimi, na mwezi utaisha bila kodi. Wakati mwingine nafikiri ukweli ndio ungemsafisha Dada na haya maneno ya dawa. Halafu namkumbuka msanii mwingine aliyenitukana mbele ya watu Westlands, akaniita nzi. Wakati ule nilicheka. Siku hizi neno lile linanirudia usiku.

Nishauri.

Kalamu Nzito, Nairobi

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na sikuona nzi ndani yake. Nimemwona mtu anayeifahamu kazi yake vizuri kuliko anavyotaka kukubali. (Ulipofika kwenye mapazia niliinuka nikaenda kuyatazama ya kwangu.)

Nikikuelewa sawasawa, mhariri anataka ukurasa, Dada anataka muda, kijana anataka mchumba wake asisikie, na mwenye nyumba anataka kodi. Wewe umejigawa kati yao wote na kuniletea njia tatu, zote chungu. Ningependa tuzipitie polepole, lakini tuanze na jambo moja ambalo barua yako imelitaja na kulipita haraka.

Dada hajui kuhusu ile picha.

Alipokukalisha Kilimani, kwa hesabu yake siri ilikuwa kwa familia, kwa meneja na kwako. Mpango wote umesimama juu ya hesabu hiyo: mcheza dansi, Naivasha, chale ya jina, hata hizo 15,000. Anadhani wewe ndiwe mlango, na mlango ukifungwa nyumba iko salama. Kumbe faili yake imo kwenye simu ya mhariri, na aliyeiuza mara moja hakuna kinachomzuia kuiuza tena kwa gazeti lingine au kwa wanablogu kabla Jumatano haijafika. Kwa maneno mengine, anataka kununua kwako ukimya ambao huna tena. Hata ukiiandika kiki yake kwa ustadi wako wote, inaweza kutoka wiki hii na faili ikatoka inayofuata, naye akaonekana mgonjwa na mwongo kwa mpigo mmoja, mbele ya promota wale wale anaowaogopa. Angeuomba mpango huo huo kama angejua? Huenda angesema ndiyo. Huenda angetaka kusema mwenyewe, kwa sauti yake, kabla ya mtu mwingine. Sina jibu hilo, na nadhani nawe huna. Analo yeye, ila hajapewa swali.

Hapo usinielewe kwamba nakuambia chukua simu sasa hivi. Kumweleza kuna hatari zake, na ningetaka uzione zote. Maneno aliyokuambia mhariri mlango ukiwa umefungwa ni ya chumba cha habari. Ikijulikana kwamba wewe ndiwe uliyepeleka habari, atakuwa na sababu ya kukuondoa, na kwa mtu anayelipwa kwa stori kuondolewa hakuhitaji hata barua; simu inaacha kulia tu. Dada naye anaweza kumtuma wakili mahakamani kuomba gazeti lizuiwe, jambo ambalo ni haki yake, na swali la kwanza ofisini litakuwa nani alimwambia.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi, na sina hakika kama umeifikiria. Ripota aliyepokea pesa kutoka kwa meneja, kisha akamwambia msanii "tuna faili yako", anaweza kusikika kama mtu anayetisha ili aongezewe. Moyo wako unaweza kuwa mweupe kabisa na maneno bado yakasikika hivyo, hasa yakisimuliwa baadaye na meneja ambaye ameanza kujitetea. Kwa hiyo hizo 15,000 si jambo dogo la pembeni. Kuzirudisha kupitia njia ile ile zilikotoka, na ujumbe mfupi wa heshima, kunaacha alama iliyo wazi kwenye simu zote mbili. Kuzirudisha nako kuna gharama: meneja ataelewa umekataa kiki kabla hujamwambia Dada lolote, na anaweza kukufungia njia ya kumfikia. Pima mwenyewe lipi litangulie.

Sasa nikuulize kuhusu neno "rafiki". Silitilii shaka. Mwanamke anayekuletea uji wodini hatafuti kurasa za kwanza pale. Lakini ni huyo huyo anayekupigia kila albamu inapokaribia, na ni meneja wake anayekutumia nauli. Sioni moja likilifuta jingine. Nairobi hii wengi wetu tumechanganya kazi na urafiki hadi hatujui mpaka uko wapi, na mambo huenda salama miaka mingi mpaka siku kama hii. Alipouweka mkono wako juu ya ule mshipa, alikuwa akizungumza na nani: mama wa yule mtoto, au ripota? Inawezekana alizungumza na wote wawili. Msanii aliyeishi na magazeti miaka mingi anajua kwamba ripota akiambiwa kwa hiari, hataendelea kuchimba kwa nguvu. Silisemi hili ili uchungu uingie kati yenu. Nalisema kwa sababu uzito unaoubeba sasa ni wa mtu aliyeaminiwa kikamilifu, na ni vizuri ujue kama mkataba wenu, ule ambao hamjawahi kuutamka, ndivyo ulivyokuwa.

Na yule aliyekuita nzi: kama faili ingekuwa yake, ungeniandikia? Jibu kimya kimya. Kama usingeniandikia, basi kinachokusumbua ni Dada, na ukishamalizana na Dada utalala. Kama ungeniandikia hata kwa ajili yake, basi ni kazi yenyewe imeanza kukuelemea, na huko hata Jumatano ikipita vizuri utarudi kwangu na barua nyingine. Neno la tusi linalorudi baada ya muda mrefu mara nyingi limepata pa kukaa. Lakini wewe ndiwe unayejua.

Tuje kwa "nisipoandika mimi, ataandika yule kijana". Hoja hii naiheshimu kwa kuwa mara nyingi ni kweli. Ataandika, na huenda ataandika vibaya. Lakini tazama inavyokufanyia: inakubebesha makala ya mtu mwingine kabla hajaiandika, kisha inakwambia njia pekee ya kuitua ni kuiandika wewe. Tena inamchukulia mhariri kana kwamba ana njia mbili tu, wewe au huyo kijana. Mhariri ana njia ya tatu, ya kutoichapisha, na wahariri huichukua mara nyingi wanapoona gharama mbele yao. Umejaribu kuzungumza naye kwa lugha hiyo? Si lugha ya huruma. Ukimwambia "ni mgonjwa, tumwonee huruma," atakuuliza tena kama wewe ni msemaji wake.

Mimi si wakili, lakini mambo haya hayajifichi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na kutofichuliwa bila sababu mambo ya familia yake au maisha yake binafsi. Uhuru wa kujieleza uko kifungu cha 33, na humo humo imeandikwa kwamba anayeutumia ataheshimu haki na sifa za wengine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Wanahabari wameachiwa nafasi ndani ya sheria hiyo, ila nafasi yenyewe inategemea maslahi ya umma, na wakili wa Dada ataanzia hapo: mwananchi anafaidika na nini kuzijua siku za mashine za mwimbaji? Mnajua nyote pale ofisini kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Ile ilikuwa picha ya mtu aliyekwenda kujiburudisha. Hii ni faili ya hospitali iliyoibwa na kulipiwa.

Kuna jambo ambalo maripota wazoefu kama wewe wakati mwingine huchanganya, na naomba uniwie radhi kama unalijua tayari. Katika kesi ya kashfa, ukweli ni ngao. Ukithibitisha ulichoandika, umejikinga. Katika kesi ya faragha, ukweli hauna kazi hiyo. Malalamiko yenyewe ni kwamba ulisema kweli ambayo haikuwa yako kuitoa. Kwa hiyo "neno lake" analolitafuta mhariri, hata la kukana, halilikingi gazeti kama anavyodhani. Huenda ndilo litakaloonyesha kwamba mlijua asivyotaka.

Ukimweleza hivyo, labda atapoa. Labda pia atakuona msumbufu, akampa kijana stori na kukunyima nyingine mbili zitakazofuata. Siwezi kukuahidi kwamba mhariri anayekufungia mlango atakushukuru kwa kumsomea Katiba. Unaweza kuyaweka kwa maandishi mafupi, kwa adabu, ili kesho na keshokutwa ijulikane ulisema nini. Wengine huona kufanya hivyo ni kutangaza vita ofisini, na pengine katika ofisi yenu ni hivyo.

Kuhusu kiki, sitakaa sana. Unaandika kwamba sisi wote wa kazi hii tunazijua, na nakubali: wewe unajua, Dada anajua, meneja anajua. Msichana wa Kitale hajui. Na yule kijana anasema "ni kazi tu", lakini anayemlipa ndiye anayempangia mapenzi, hivyo sijui kama ana nafasi ya kukataa. Amekuja kwako, si kwa mwajiri wake, na nafikiri kuna sababu. Na kama kuna asiyehusika katika habari hii yote ni huyo mchumba. Dada anaweza asijue kwamba yupo. Watu hupanga haya mambo kwa haraka na hofu, na mcheza dansi kwao ni sura nzuri tu ya kupiga picha nayo. Kama kuna mtu wa kumwambia Dada "huyu kijana ana mtu", bila kumchongea, pengine ni wewe. Pengine pia ukimwambia, kijana atapoteza kazi. Muulize kwanza.

Na lile wazo kwamba ukweli ungemsafisha? Laweza kuwa kweli tupu. Maneno ya dawa za kulevya ni mabaya, na nimeona watu wakipata nguvu baada ya kusema hadharani wanaumwa nini. Wengine walipata hata ndugu wa kujitolea figo. Nimeona pia waliosema wakajuta, simu ikajaa wauza miti shamba na wachungaji wa kuwekea mikono, na mialiko ya kazi ikakauka kama walivyohofia. Ninachokuomba uangalie ni huo wakati wazo lilipokujia. Lilikujia kabla mhariri hajakuonyesha picha, au baada? Ukigundua ni baada, usijilaumu. Akili inayotafuta kodi hupita kila mlango. Ila ujue tu lilitoka wapi.

Kama angetaka kusema mwenyewe, kuna mahojiano ambayo hakuna mtu mwingine Nairobi angeweza kuyafanya kama wewe: kwa hiari yake, kwa tarehe aliyoichagua, bila faili ya mtu. Mhariri angepata ukurasa wake, huenda baada ya Desemba. Ni njia nzuri machoni pangu, na kwa hiyo nakuonya nayo zaidi. Ikitajwa kabla Dada hajajua yote, itakuwa ni kumsukuma. Ikitajwa baada ya kujua, anaweza kuona huna tofauti na wale wengine, umekuja tu na sauti ya upole. Huenda ukalazimika kumpa habari na kunyamaza kuhusu mahojiano kabisa, asipoyataja yeye.

Kuacha kazi hujakutaja, nami sitakutajia. Mwenye mtoto na kodi hashauriwi kuruka bila kujua anatua wapi. Ila mtu anayeweza kumpata mwongo kwa pete moja ya pazia ana jicho ambalo madawati mengine hulipia, na wenzako wa Chama cha Wanahabari Kenya, KUJ, wamewasikia wengi wanaolipwa kwa stori wakiuliza maswali kama yako kuhusu mkataba. Kuwauliza hakukufungi.

Ukiamua kuzungumza na Dada, ningeomba iwe uso kwa uso na bila meneja. Unazijua siku zake za mashine. Usichague mojawapo ya hizo. Wengi hutoka pale wamechoka na kichwa kizito, hawasikii hata nusu ya wanayoambiwa. Nenda siku ya katikati, asubuhi, akiwa ameshakunywa chai.